Kadi zangu za kulalamika kwa Kifaransa: nilipofikia

Hii wiki nimezipanga upya kadi zote ninazojifunzia maneno ya kulalamika ya Kifaransa, na sasa mradi unaeleweka. Mwanzo zilikuwa kwa alfabeti, haisaidii kitu, sasa hivi nazipanga kwa tusi ambalo kila neno linalikwepa, maana utamu wote uko hapo. Mfaransa basi likimwacha au simu ikizima chaji anaanza kama anatukana kabisa halafu anakata kona katikati ya neno. Anayetaka kusema merde, yaani mavi, anaishia kwenye mince, au mercredi, yaani Jumatano, na ukimsikia hivyo jua kuna mtoto au mkwe karibu. Lile jingine zito zaidi linaloanza na pu linageuka punaise, kunguni, au purée, viazi vya kuponda. Nazipenda hizi mbili kuliko zote aisee, hasira inatoka yote na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Zut, neno jingine la kulalamika lisilo tusi, nimeipa bunda lake. Flûte pia, ila hiyo ina ukizamani kidogo.

Kazi kubwa imekuwa kurekodi sauti. Zut, flûte, punaise, purée, zote zina ile u ya Kifaransa ambayo sisi hatuna, na ukiweka u yetu neno linapoa kabisa. Dawa niliyoipata: sema i, ulimi usiusogeze, halafu bana midomo kama unapiga mluzi. Na t ya zut itamkwe, usiimeze.

Sacrebleu, lile neno la zamani la mshangao, nimeitoa kwenye kadi za kila siku, Wafaransa wa leo hawaisemi kwa kulalamika, ni sisi wageni ndo tumeing'ang'ania. Ila nimeitunza pembeni na morbleu na parbleu kwa sababu ya historia, hiyo bleu imekaa mahali pa Dieu, Mungu, watu walikuwa wanakwepa kukufuru, na kukufuru haikuwa mchezo, mwaka 1666 mfalme wa Ufaransa, Louis XIV, alitoa tamko ambalo mkosaji sugu angeweza kukatwa mpaka ulimi.

Kinachofuata ni bunda la Québec, jimbo la Kanada linaloongea Kifaransa. Kule matusi yametoka kanisani, tabarnak ni lile sanduku la altareni la kuhifadhia ekaristi, na ukitaka kulipoza unasema tabarnouche au tabarouette. Nishaandika kadi, bado sauti tu, na lafudhi yao ni nyingine kabisa so natafuta podikasti za huko nisikilize kwanza.