Kumtafuta Mjomba, kutoka Voi hadi Kamiti

Basi la usiku lilinishusha Nairobi alfajiri, baridi ya Julai ikiuma masikio. Mkobani nilikuwa na kitambulisho na nakala ya hati ya mashtaka ya mjomba. Mara ya mwisho kutuandikia alikuwa rumande Industrial Area. Baada ya hapo barua zilikatika, miaka ikapita, nyumbani tukawa hatujui kama yu hai.

Wengi husema fulani "yuko Industrial" kana kwamba mtu hukaa pale daima. Pale ni mahali pa mahabusu na pa kuwagawa wafungwa: kesi ikiisha na umefungwa, unaweza kupelekwa gereza la Naivasha, la Shimo la Tewa, popote. Afande alitafuta jina tunalomwita nyumbani, hakuliona. Nikamtolea hati, ambako jina la babu limetangulia na namba ya kesi iko juu. Akafuata orodha kwa kidole, polepole, kidole kikasimama.

"Huyu alihamishiwa Kamiti."

Anayetafuta mtu wake asiiache karatasi hiyo nyumbani.

Nikapanda matatu ya Kahawa West. Gereza la Kamiti ndiko Waingereza walikomnyonga Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, tarehe 18 Februari 1957, wakamzika bila familia yake kukabidhiwa mwili. Nililiwaza hilo Barabara ya Thika nzima. Sisi angalau tulikuwa na mtu wa kumuuliza.

Langoni niliacha simu, nikapekuliwa, nikasubiri na akina mama waliobeba sabuni na dawa ya meno. Mmoja alinisogezea nafasi kwenye benchi bila kuniuliza lolote.

Mjomba alikuja amekonda, kichwa cheupe. Hakunitambua.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Wa dada yako. Yule uliyekuwa ukimpakia kwenye baiskeli kwenda sokoni."

Alishika meza kwa mikono yote miwili. "Barua zangu mlizipata?"

Alikuwa akiandika kwa sanduku la posta la shule, nasi tulikwishahama. Barua zote hizo! Kisha akamuulizia nyanya. Njia nzima nilikuwa nimetafuta namna ya kulisema, na haikupatikana. "Alifariki, mjomba." Akauliza amezikwa wapi, nani alimwosha, kama alimtaja. Nilimjibu yote. Alimtaja, tena sana.

Muda ulipoisha nilimwachia anwani mpya na namba ya mama. Nilipochukua simu langoni nikampigia mama palepale. Alilia, kisha akauliza basi la kuja Nairobi linapita Voi saa ngapi.