"Sijala, nimekunywa uji tu"

Mwezi wangu wa kwanza wa kujifunza kazi ya usingizi, yaani kuwalaza au kuwatia ganzi wagonjwa wa upasuaji, nilikuwa hospitali moja mkoani Mtwara. Asubuhi moja tulikuwa na mzee wa kupasuliwa ngiri. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikamuuliza, "Babu, umekula?"

"Sijala tangu jana usiku, mjukuu wangu."

Nikaandika kwenye faili: hajala. Sista aliyekuwa akinielekeza, muuguzi wa usingizi wa miaka mingi, akasogea. "Na uji je, babu?"

"Uji nimekunywa, bakuli moja. Saa kumi na mbili binti yangu kaniletea."

Mzee hakudanganya. Kwetu uji hauliwi, hunywewa. Chai nayo ni hivyo hivyo, hata ikisindikizwa na vitumbua vinne. Swali langu ndilo lilikuwa bovu. Ilikuwa saa tatu. Tukamsogeza mpaka saa sita mchana, tukampa ganzi ya mgongoni, upasuaji ukaenda salama.

Usidhani ganzi ya mgongoni inakuepusha na hatari ya tumbo lenye chakula. Isiposhika, au ikiisha kabla daktari hajamaliza kushona, utalazimika kumpa mgonjwa nusu kaputi, na aliyelala hivyo koo lake halijilindi tena. Uji ukipanda kutoka tumboni, njia ya mapafu iko wazi.

Siku hizi nauliza hivi: "Mara ya mwisho kitu chochote kupita mdomoni ilikuwa saa ngapi, na kilikuwa nini?" Kisha nataja kimoja kimoja: uji, chai, maziwa, dafu, korosho, dawa ya miti shamba. Ndugu aliyemleta namuuliza pia, maana mara nyingi yeye ndiye aliyebeba chupa ya chai. Chakula nahesabu saa 6 kabla ya upasuaji, na uji na chai ya maziwa naviweka humo humo. Maziwa ya mama saa 4. Maji matupu saa 2.

Hayo maji tunayasahau, na inaniuma. Mama akiambiwa "mtoto asipewe kitu", anamnyima hata maji tangu jioni. Kwa joto la huku, saa nne asubuhi unaletewa mtoto midomo imekauka, mishipa haionekani, unamchoma mara tatu ukitafuta pa kuweka dripu. Mwambie mama saa kabisa: "Akiingia chumba cha upasuaji saa tatu, maji mpe mpaka saa moja."

Mama mjamzito wa upasuaji wa dharura hana nafasi ya kusubiri saa 6. Huyo nachukulia tumbo limejaa, hata akiapa. Ganzi ya mgongoni ikiwezekana ndiyo naanza nayo, na akishalala chali nainamisha kitanda upande wa kushoto ili mji wa mimba usikandamize mshipa mkubwa wa damu. Mashine ya kunyonya matapishi naiwasha mwenyewe kabla hajaingia, naziba mrija kwa kidole nione kama inavuta, kisha nauweka chini ya mto, upande wa mkono wangu wa kulia.