Wanawake tisa kwenye boti ya alfajiri

Mama mdogo wangu alitokwa damu karibu mwaka mzima akituficha. Hedhi yake ilishakoma zamani, kwa hiyo tulipojua, wazee wakasema ni chango, akachemshiwa mizizi. Hospitali tulimfikisha akiwa hawezi hata kukaa. Ikaonekana ni saratani ya mlango wa kizazi, akapewa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, akapigwe mionzi. Tulikuwa bado tunachanga nauli tulipomzika.

Baada ya arobaini nikasema na mimi napima. Nina miaka 38, nauza dagaa mwaloni Kibirizi, Kigoma, na sikuwa naumwa popote. Hilo ndilo lililonitisha, maana nilishasikia kwamba ugonjwa huu ukianza hauumi. Mara ya kwanza nilipokwenda, nesi aliyefundishwa kazi hiyo yuko likizo. Mara ya pili, dawa imeisha. Niliumia sana. Mimi ni bodaboda tu hadi pale. Anayetoka vijiji vya kaskazini ya Gombe, amelipa boti, watoto kawaachia jirani, umrudishe mikono mitupu, atakuja tena lini?

Mara ya tatu nikamkuta. Akafunga pazia, akanisalimu Kiha, akanionyesha kila kitu kabla ya kuanza. Spekulamu, kile kidude cha kufungulia njia, akakipitisha kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Kisha akachovya pamba ya kijiti kirefu kwenye kichupa, na harufu ikanifikia: siki. Ni siki kweli, ila hii imepimwa nguvu yake, asilimia 3 hadi 5. Akaipaka kwenye mlango wa kizazi, akatazama saa yake ya mkononi kama dakika moja. Mahali palipoanza kuharibika hugeuka peupe. Kwangu palikuwa peupe.

Nililia. Akaniacha nilie, halafu akasema, "Dada, hii bado si saratani. Ni kirusi cha HPV kimekaa muda mrefu. Ukipaacha, miaka mingi mbele panaweza kuwa saratani. Tunapatibu sasa hivi, usishuke kitandani." Akaleta kifaa cha kushika mkononi, ncha yake inapata joto la nyuzi 100, akaigusisha pale kwa muda usiofika dakika. Maumivu yalikuwa kama tumbo la siku ya kwanza ya hedhi, basi. Nikaambiwa nitatokwa majimaji kwa wiki kadhaa na nisikutane na mume mwezi mzima. Mume wangu alinuna siku mbili. Nikamkumbusha mama mdogo alivyokwenda, akaelewa. Mwaka uliofuata nilirudi, pakawa safi.

Ndipo nikawageukia wanawake wa kijijini kwetu, kule kaskazini ya Gombe, wenzangu wa kikoba. Nilidhani kazi itakuwa kwa wanaume. Wapo walionuna, mmoja akaniuliza kama mkewe atafunuliwa na daktari mwanamume, nikamjibu ni nesi mwanamke, yakaisha. Kazi hasa ilikuwa hesabu ya siku. Aliye kwenye hedhi hapimwi, kwa sababu damu inaficha kinachotafutwa. Nikakaa nao tisa na kalenda ya ukutani, kila mmoja akaninong'oneza tarehe zake, tukapata Jumanne moja iliyowafaa wote. Niliwaeleza pia kwamba wanaoitwa ni wa miaka 30 hadi 50, lakini mwenye VVU aanze mapema zaidi na apime mara kwa mara, kwani hatari yake ni kama mara sita ya mwingine. Hilo nililisema nikiitazama kalenda, nisimtazame mtu. Wakauliza na habari za mabinti. Chanjo ya HPV ipo nchini tangu 2018, siku hizi ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mama aliyempeleka binti yake kuchanjwa bado na yeye inabidi apime.

Jumatatu jioni nikampigia nesi. Upo kesho? Siki ipo? Kifaa kimechajiwa? Nilimwambia kabisa kwamba likikosekana moja, hatupandi boti. Nauli ilitoka kwenye mfuko wa jamii wa kikoba, na nadhani hizo ndizo fedha bora tulizowahi kutoa.

Tukaondoka alfajiri, ziwa limetulia, khanga vichwani kwa sababu ya baridi. Njiani mmoja akanishika mkono: hedhi imemwanzia, siku nne kabla ya hesabu yake. Alilia kama mtoto. Wanane wakapimwa. Sita safi. Mmoja alitibiwa hapohapo, na jioni alikuwa kwake anapika. Wa nane, nesi alitazama kwa muda mrefu, hakugusa kifaa. Akaandika barua, tukaenda hospitali ya mkoa, akakatwa kinyama kidogo kikachunguzwe. Majibu bado. Barua yake naitunza mimi pamoja na daftari la kikoba, na safari hii nauli ya Mwanza tumeanza kuichanga kabla ya kuambiwa lolote.

Jana yule wa hedhi kanipigia simu, hata salamu hakumaliza.

"Wifi, zimeisha. Boti ni lini?"