Vishikwambi 12 kwa wanafunzi 48

Mwanafunzi wa darasa la tano anapewa 52 − 27, anaandika 35. Hakubahatisha. Ametoa 2 kwenye 7 akapata 5, akatoa 2 kwenye 5 akapata 3, maana kichwani mwake ndogo ndiyo hutolewa kwenye kubwa, popote ilipo. Kishikwambi kitamwambia amekosa, kitampa swali jingine la aina ileile, naye atakosa tena. Mwalimu akitupia jicho daftari lake, kosa analiona papo hapo. Kwa hiyo shule yoyote ya Arusha inayotaka kuwainua walioachwa nyuma ianze na hili: kila kishikwambi kiwe na daftari na penseli kando yake. Hesabu ifanyike kwenye karatasi, jibu tu ndilo liingie kwenye skrini.

Kabla ya kuwasha chochote, wapimeni. Dakika chache kwa kila mtoto zinatosha: herufi, silabi, maneno, aya fupi, kisha kujumlisha, kutoa kwa kukopa, kuzidisha, kugawanya. Anapokwama ndipo kundi lake lilipo, hata kama wa darasa la sita atakaa na wa la tatu. Wazazi waelezwe mapema, maana jambo hili huuma. Lakini kumpa mazoezi ya ufahamu mtoto anayehangaika na silabi ni kumtesa bure. Kwa hao wa silabi zipo Kitkit School na onebillion, programu za Kiswahili zilizojaribiwa vijijini Tanga na kugawana ushindi wa shindano la Global Learning XPRIZE mwaka 2019.

Zamu ni za dakika 30: watoto 12 kwenye vishikwambi, 12 na mwalimu, 24 wawiliwawili na madaftari. Kwa saa mbili wote wamezunguka. Manufaa makubwa yako kwa wale 12 walio na mwalimu. Vifaa vinamnunulia muda wa kukaa nao.

Intaneti haihitajiki kila siku. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye kadi ya kumbukumbu ya GB 128 na programu ya bure ya masomo, Kolibri, inatosha: masomo yanapakuliwa mara moja mjini, shuleni yanasambazwa kwa ruta ndogo. Msitegemee Wi-Fi ya Pi yenyewe. Video 12 kwa pamoja zitakwamakwama. Kishikwambi cha Android nacho kikiona ruta haina intaneti huweza kujitoa, basi kikiuliza, chagua kubaki umeunganishwa. Pi 4 haina saa inayojiendesha umeme ukikatika, hivyo tarehe hubaki nyuma na ripoti za mwalimu huvurugika. Rekebisheni tarehe kila asubuhi. Kukatika ghafla huweza pia kuharibu kadi. Nakala ya pili ikae kabatini.

Betri ya kishikwambi ya mAh 5,000 hubeba takriban Wh (saa-wati) 18.5. Kwa vishikwambi 12 ni Wh 222. Pamoja na upotevu, wekeni 300. Paneli ya sola ya wati 100 hufika hapo siku ya jua kali. Juni na Julai, Meru ikijifunika mawingu hadi mchana, haifiki. Nunueni ya wati 200.

Msisahau visikilizio. Mvua ya masika ikigonga bati, hata navyo mtoto hasikii tofauti ya "ba" na "pa". Siku hiyo zamu ya kusoma igeuzwe ya hesabu.