Maruhubi, mimi na mama mdogo

Jana nilijikaza nikalipia mwongozaji wetu peke yetu, tukaenda Maruhubi, kwenye magofu ya kasri la kale huku Unguja. Kwa daladala nimepita pale mara ngapi sijui, bila hata kugeuza shingo! Sultani Barghash wa Zanzibar alimaliza kulijenga kasri lile mwaka 1882, likateketea kwa moto 1899. Zilizobaki ni nguzo nene za mawe zilizokuwa zikibeba baraza ya juu, na hamamu. Ukipapasa ukuta, chokaa inabaki viganjani.

Kijana wa watu alianza na hadithi za masuria (watalii ndizo wanazozipenda, nadhani). Mama mdogo akamkatiza: “Mwanangu, hayo tumeyasikia tangu utotoni. Tuambie maji yalifikaje hapa.” Basi hapo ndipo raha ilipoanza! Akatuonyesha mabaki ya mfereji wa mawe ulioyaleta, na birika kubwa yalikohifadhiwa. Leo birika limeota mayungiyungi, vyura wanaruka juu ya majani.

Bustanini ni miembe mikubwa, kivuli tele. Mwongozaji anaongea, mama mdogo kainama anaokota maembe. Matano yaliingia mkobani mwangu, mkoba mpya huo, hadi sasa unanata utomvu.