Kidole Kinaposoma Kompyuta

Anayedhani kwamba kompyuta inayosema imemaliza shida ya asiyeona hajawahi kusomewa kwa sauti mlinganyo wenye mabano ndani ya mabano, kisha akatakiwa aurahisishe. Mimi hutumia programu ya kusoma skrini kila siku na ninaithamini sana, lakini sauti hupita, na haikuachii tahajia ya jina wala mahali koma ilipokaa. Kwa kazi ya aina hiyo ninahitaji maandishi yenyewe, na mashine ya nukta nundu (maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa kidole) iliyo mbele ya kibodi hunipa, kwa kuinua na kushusha nukta kufuata yaliyo kwenye skrini.

Louis Braille alichapisha mfumo wake wa nukta nundu mwaka 1829, kila herufi ikiwa na nafasi ya nukta 6. Kompyuta iliongeza 2 chini yake, zikawa 8, hivyo kila alama ikapata umbo lake kati ya maumbo 256. Katika mashine nyingi kila nukta ni pini iliyokalia kijiti chembamba cha kauri, ambacho hujipinda kinapotiwa umeme na kuiinua pini hiyo. Mstari wa herufi 40 basi unahitaji pini 320, kila moja na kijiti chake, na ndiyo maana bei ya mashine huweza kuipita ile ya kompyuta yenyewe, jambo linalowanyima wengi wanaoihitaji.

Kuna kifaa cha zamani ambacho bado nakistahi: Optacon, kilichoanza kuuzwa mwaka 1971. John Linvill wa Chuo Kikuu cha Stanford alikibuni akimfikiria binti yake asiyeona. Mkono mmoja ulipitisha kamera ndogo juu ya ukurasa wa kawaida, huku pini 144 zikitetemeka chini ya kidole cha mkono wa pili na kuchora umbo la kila herufi. Kujifunza kulichukua muda mrefu, lakini aliyekimudu alisoma barua yake iliyopigwa chapa bila kumsubiri msomaji.

Upungufu mkubwa wa mashine za leo ni kwamba nyingi zina mstari mmoja tu, ilhali jedwali husomwa pia kwa kushuka. Mashine iitwayo Monarch, yenye mistari 10 ya herufi 32, huweza kuonesha hata grafu. Hata hivyo, kwa mtoto anayeanza kusoma ningenunua kwanza mashine ya herufi 20, aizoee tahajia mapema, na grafu zake nikamchapishia kwenye karatasi yenye michoro iliyoinuka.