Miku kwa vijana wetu

Mpwa wangu yuko kidato cha pili na siku hizi spika ya sebuleni ni ya Hatsune Miku tu. Nimekaa naye kusikiliza, na nimependa kweli. Miku ni programu ya kompyuta inayoimba, iliyotoka Japani Agosti 2007. Sauti ilijengwa kutokana na rekodi za mwigizaji Saki Fujita. Ila nyimbo hutungwa na watu, wengi walianza nyumbani na kompyuta zao.

Anayeanza mpeni "Melt" ya ryo. Msichana amekata nywele za mbele akitamani tu aulizwe kulikoni, halafu mvua inanyesha, wanagawana mwavuli na yule ampendaye, mkono unamtetemeka. Jamani, nani hakupitia hayo!

"Rolling Girl" ya wowaka ni nzito. Piano inakimbia, msichana anaanguka, anasema atajaribu tena, na tena, hadi pumzi inaisha. Wazazi, msiizime. Sikilizeni pamoja, kisha muulize mtoto anaendeleaje shuleni. Mimi niliuliza, tukaongea mpaka chakula kikapoa.

Ya kuchangamsha ni "Senbonzakura". Na mpwa anasisitiza niwataje Kagamine Rin na Len, sauti nyingine za kompyuta kama Miku.